Mbona uso umeshuka ilhali ngozi ni ile ile?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 52. Juzi binti yangu alinipiga picha kwa simu tukiwa tumekaa bega kwa bega, nilipoitazama nikashtuka, nikadhani ni marehemu mama yangu. Miaka mitatu iliyopita sikuwa hivi. Mashavu yameshuka, chini ya macho kumeingia mashimo, midomo imekuwa myembamba. Kitambi nacho kimetokeza ingawa sili kuliko zamani, na nahisi hata kimo kimepungua maana suruali zangu zinaburuta chini. Nimeshabadilisha krimu nne, sioni kitu. Mume wangu amenizidi miaka 4 lakini watu wanamwona mdogo kwangu. Je, ngozi yangu ni mbovu, au kuna mahali nakosea?"

Jibu: Dada yangu, ngozi yako haina ubovu wowote ninaouona kwenye maelezo haya. Krimu zako nne zilitumwa kazi isiyo yao. Mashavu kushuka, mashimo chini ya macho, midomo kupungua: karibu yote hayo huanzia chini zaidi, kwenye mafuta na kwenye mfupa. Ngozi ndiyo ya mwisho kupata habari.

Kabla hujaendelea kusoma, chukua kioo kidogo cha mkononi. Lala chali, kiinue juu ya uso, ujitazame vizuri. Halafu amka, kilaze kioo mezani, ukiinamie. Zimepita sekunde chache na ngozi ni ile ile, lakini umeona nyuso mbili. Ulipolala, mashavu yalirudi upande wa masikio na ule mfereji unaotoka puani kwenda kwenye pembe ya mdomo ukafifia. Ulipoinama, kila kitu kilikuja mbele, na huenda hukupenda ulichokiona. Huwa nawafanyisha zoezi hili wagonjwa wangu kabla sijaandika dawa yoyote, kwa sababu linaokoa maneno mengi. Kilichohama hapo ni mzigo ulio chini ya ngozi.

Nianze na mfupa, kwa kuwa ndio watu wasioufikiria kabisa. Tumezoea kuliona fuvu kama jiwe: likishakomaa limekomaa. Kumbe mfupa ni kitu hai, kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo, na umri ukisogea ubomoaji unauzidi ujenzi. Usoni hali hiyo haiendi sawasawa. Tundu la jicho hupanuka, hasa kwenye pembe ya juu iliyo upande wa pua na pembe ya chini iliyo upande wa nje. Taya la juu hurudi nyuma, na kwa kuwa pua inaliegemea, ncha ya pua nayo huanza kuinama. Taya la chini hupungua kina, na hapo ngozi na nyama zilizokuwa zimetandazwa juu ya fremu kubwa hubaki zinaning'inia kwenye fremu ndogo.

Meno yana sehemu kubwa katika hili. Mfupa unaoshikilia jino upo kwa ajili ya jino. Jino likitoka, mfupa hukosa kazi na mwili huuyeyusha polepole. Ndiyo sababu mzee asiye na meno midomo huingia ndani na kidevu kusogelea pua. Mtu akiniambia midomo yake imepungua, mimi humwomba kwanza afungue kinywa, na si mara moja nimekuta magego matatu au manne hayapo, yaling'olewa miaka mingi nyuma na kusahauliwa. Wewe hukuandika lolote kuhusu meno. Kama una mapengo, zungumza na daktari wa meno kuhusu jino la kupandikizwa kwenye mfupa, kwa sababu hilo huurudishia mfupa kazi. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hujaza midomo kwa nje, ila hayazuii mfupa kuendelea kuliwa.

Na hapa ndipo penye jibu la kwa nini ulimwona mama yako kwenye picha. Ujana huficha mifupa kwa mafuta. Mafuta yakipungua, umbo la mfupa ulilorithi hujitokeza, na watu wanaanza kukwambia umefanana na mama yako kuliko walivyowahi kusema ulipokuwa na miaka 25.

Sasa mafuta yenyewe. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa shuka moja lililotandazwa chini ya ngozi ya uso. Mwaka 2007 Rohrich na Pessa, wa Marekani, walidunga rangi kwenye mafuta ya nyuso za maiti, wakaona rangi haisambai kote: inajaa eneo moja, inagonga ukuta, inasimama. Mafuta ya uso yamegawanyika vyumba vyumba. Kila chumba kina mambo yake uzeeni. Vile vya ndani, vinavyoliinua shavu kutoka chini, husinyaa. Vya juu hulegea na kuteremka. Chini ya kidevu mafuta yanaweza hata kuongezeka. Fikiria mto uliopungua pamba huku foronya ikibaki ya ukubwa ule ule. Foronya itakunjamana, lakini ukiifua na kuipiga pasi mara kumi hutaurudisha mto ulivyokuwa.

Chini ya macho kuna balaa la ziada. Mafuta yanayolizunguka jicho husukumika mbele na kufanya kijifuko, na papo hapo shavu lililo chini yake linasinyaa, basi kati ya kijifuko na shavu panabaki bonde lenye kivuli. Watu hulaumu usingizi. Usiku mmoja mbaya unaweza kuvimbisha macho kidogo asubuhi, lakini bonde linalokaa miezi halikuletwa na kukesha. Kwa sababu hiyo pia, mtu akikonda kwa kasi baada ya miaka 50 kiuno humshukuru na uso humlaumu. Wakimbiaji wa masafa marefu wanalijua hilo vizuri.

Tukija kwenye ngozi, hapo ndipo "miaka mitatu tu" yako inapoeleweka. Kinachoipa ngozi unene na uimara ni kolajeni, na katika utu uzima hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, kwa wanaume na wanawake. Ni mwendo wa taratibu, hata kioo hakiuoni. Lakini mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni hushuka, na ndani ya miaka 5 ya kwanza ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Baada ya hapo kasi hupungua tena. Hukusema hedhi yako imekoma lini, ila kwa umri wako sitashangaa ukiniambia ni miaka miwili au mitatu. Mume wako alianza na ngozi nene kuliko yako, kama walivyo wanaume wengi, na yeye anateremka ngazi moja moja. Wewe umefika mahali ngazi tatu zimekatika kwa pamoja. Muulize atakuwaje akifika 70, halafu mlinganishwe tena.

Kuna kitu kimoja kinachoichakaza ngozi kuliko tarehe ya kuzaliwa, nacho ni jua. Ushahidi unao mwilini. Inua mkono, tazama ngozi ya upande wa ndani, juu kabisa karibu na kwapa. Kisha tazama mgongo wa kiganja cha mkono huo huo. Ngozi zote mbili zina miaka 52. Ya juu ni laini, ya rangi moja, ukiivuta inarudi papo hapo. Ya kiganja ina mistari, huenda na madoa, na ukiifinya inachelewa kulala. Tofauti kati ya hizo mbili imeletwa zaidi na mwanga.

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Nusu ya kulia ya uso wake ilikuwa ya mtu wa umri wake. Nusu ya kushoto, iliyokuwa inaelekea dirisha la dereva, ilikuwa imekunjamana, ngozi imekuwa nene na yenye vinundu, utafikiri ni ya baba yake. Kioo cha dirisha la pembeni la gari huzuia miale inayobabua, lakini ile inayozama ndani ya ngozi na kukata kolajeni, yaani UVA, hupita. Anayekaa dirishani mchana kutwa yumo juani ingawa hatoki jasho.

Najua kuna msomaji ataniambia weusi wa ngozi unatosha. Unasaidia sana, sikatai. Vipimo vya zamani vilikadiria kwamba ngozi nyeusi hujipa kinga ya karibu 13, kwa kipimo cha SPF kinachoandikwa kwenye losheni za jua, dhidi ya miale inayobabua, wakati nyeupe hujipa kama 3 tu, na mikunjo kwetu huchelewa miaka mingi. Ila uzee wa ngozi nyeusi huanza kwa rangi: madoa ya kahawia kwenye paji na mashavu, weusi usiolingana chini ya macho, vijinundu vidogo vyeusi vinavyoota pembeni mwa macho ambavyo havina madhara yoyote. Na rangi hiyo haichochewi na miale isiyoonekana peke yake. Hata mwanga wa kawaida tunaouona unaichochea. Kwa hiyo losheni ya jua yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, hufaa zaidi kwa mwenye madoa kuliko ile nyeupe au inayoonekana kama maji.

Losheni hiyo si porojo za wauza vipodozi. Kule Nambour, Australia, watu wazima 903 waliokuwa chini ya miaka 55 waligawanywa kwa kura: baadhi wapake losheni ya jua kila siku, wengine wapake kwa hiari yao kama walivyozoea. Baada ya miaka 4 na nusu, ngozi za waliopaka kila siku zilionyesha uzee pungufu kwa asilimia 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mwaka huo huo watafiti wengine walitazama picha za jozi 79 za mapacha wa kufanana waliokusanyika Twinsburg, Ohio, Marekani, pacha mmoja akiwa amevuta sigara kuliko mwenzake. Waliotazama picha hizo hawakujua nani ni nani, na bado wavutaji ndio waliopewa alama mbaya zaidi kwenye vijifuko vya chini ya macho na mistari ya kuzunguka midomo. Wamezaliwa siku moja, na mama mmoja.

Basi ukitaka kupaka kitu, asubuhi paka losheni ya jua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi, na usiku dawa ya jamii ya retinoidi, yaani ndugu za vitamini A, ambayo ina ushahidi mrefu kuliko chochote kingine cha kupaka kwa ajili ya uzee wa ngozi. Anza na punje ndogo kama ya njegere kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki, kwa sababu inawasha na kubabua, na ngozi nyeusi iliyobabuka hulipiza kwa madoa. Subiri miezi, usihesabu wiki. Mjamzito asiiguse. Itakupa ngozi laini na yenye rangi iliyotulia. Haitainua shavu.

Kuhusu sindano, kwa kuwa najua utaambiwa: zile za kulegeza misuli hufuta mistari ya paji la uso na ya katikati ya nyusi kwa miezi 3 au 4, na kwa malalamiko yako wewe hazina kazi. Zile za kujaza zina mantiki, maana zinarudisha ujazo uliopotea. Ila zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kuua ngozi, na zimewahi kupofusha watu. Anayekudunga awe daktari anayeijua ramani ya mishipa ya uso na mwenye dawa ya kuyeyusha kile alichodunga, ikiwa mezani, karibu na mkono wake. Akikuambia haihitajiki, vaa viatu uondoke.

Na krimu za kung'arisha, zinazouzwa kwa jina la kurudisha ujana? Nyingi nilizoletewa mkononi na wagonjwa hazina maelezo ya kueleweka. Baadhi zina steroidi kali, ambayo hufanya kile kile umri unachofanya: hupunguza unene wa ngozi mpaka mishipa inaonekana. Nyingine zina zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi ikafika kwenye figo. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ikitumiwa miaka mfululizo bila usimamizi inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka.

Nywele na masikio nitayapita upesi. Mvi huja pale seli zinazotia rangi kwenye shina la unywele zinapokwisha. Sehemu ya unywele iliyokwisha kuota nyeusi hubaki nyeusi, kwa hiyo hakuna anayelala na nywele nyeusi akaamka na mvi kichwa kizima. Masikio ndiyo, yanarefuka kweli: madaktari wa Uingereza waliyapima mwaka 1995, wakapata wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka. Miaka 50, sentimita moja na kidogo. Ya kwangu nayapima kwa macho kila ninaponyoa ndevu.

Turudi kwako, kwenye kitambi. Umeniambia huli kuliko zamani na mimi nakuamini. Watu hudhani mwili huanza kuunguza nishati pungufu kuanzia miaka 40. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wa watu zaidi ya 6,400, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95, ulionyesha kwamba ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, matumizi ya nishati hubaki pale pale kati ya miaka 20 na 60. Kilichobadilika kwako ni mahali mafuta yanapokaa. Estrojeni iliyaelekeza kwenye nyonga na mapaja. Ilipoondoka, yakahamia tumboni. Wakati huo misuli nayo imekuwa ikipungua, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi tangu ulipovuka 30, hasa ile ya nguvu za haraka, ya kuruka na kuinuka. Mzani unaweza kusoma kilo zile zile za miaka kumi iliyopita juu ya mwili ambao si ule tena. Kutembea kunafaa moyo, lakini misuli hairudi kwa kutembea. Inarudi kwa kuinua kitu kizito, kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta kisha sakafu, mara mbili au tatu kwa wiki, na kula protini ya kutosha. Ukiwa na presha au maumivu ya magoti, mwone daktari kwanza akupangie kiasi.

Kimo ndicho kilichonifanya nisome barua yako mara mbili. Watu hufupika kweli, kwa sababu diski zilizo kati ya pingili za mgongo hukauka na kubonyea na mgongo huanza kuinama. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliowafuatilia watu kwa miaka mingi ulikuta mwanamke hupoteza wastani wa sentimita 5 kati ya miaka 30 na 70, na kufikia 8 akiwa na 80. Mwanamume 3, kisha 5. Kwa hiyo miaka 52 ni mapema mno kwa suruali kuburuta kwa sababu hiyo. Uwezekano mmoja unachekesha: kitambi kikitokeza, mkanda huteremka chini yake na suruali nzima inashuka pamoja nao. Uwezekano wa pili si wa kuchekea. Baada ya ukomo wa hedhi mifupa nayo hupoteza uimara kwa kasi, na pingili ya mgongo inaweza kubonyea bila mtu kuanguka, mara nyingi bila maumivu ya kumpeleka hospitali. Simama ukutani bila viatu, asubuhi, mtu akupime. Linganisha na kimo kilichoandikwa kwenye hati yoyote ya ujana wako. Ikiwa pengo linafika sentimita 4, achana na mambo ya uso kwanza, nenda kapimwe uimara wa mifupa.

Kuna mabadiliko ambayo hayapaswi kusingiziwa umri hata kidogo. Upande mmoja wa uso ukilegea ghafla, hospitali saa hiyo hiyo. Kupungua asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia kunahitaji vipimo. Vivyo hivyo kidonda kisichopona, mstari mweusi kwenye ukucha unaozidi kupanuka, au doa jeusi linalokua kwenye unyayo. Bob Marley alikufa mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Weusi haukumkinga, kwa sababu saratani ya mahali hapo haitokani na jua.

La mwisho ni ile picha. Ulisema mlikaa bega kwa bega, maana yake simu ilikuwa umbali wa mkono mmoja au pungufu. Watafiti wa Marekani walipiga hesabu mwaka 2018: kwenye sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inavyoonekana kutoka mita moja na nusu, huku masikio na pande za uso zikirudi nyuma. Ongeza taa ya darini iliyomwaga kivuli kwenye yale mabonde chini ya macho. Mwambie binti asimame mita mbili kutoka kwako, simu usawa wa macho yako, wewe ukiwa umeelekea dirishani mchana. Ipigwe hivyo hivyo tena mwakani. Na ukienda kwa daktari wa ngozi, nenda na picha hizo pamoja na makopo yote manne ya krimu, hata yaliyokwisha, asome kilichoandikwa nyuma.